Baraza au bustani? Wastoiko na Waepikureo, uchague njia ipi ya kuishi na moyo mwepesi

Mtu akiniambia amechoka, anataka maisha yake yawe mepesi, vitu vipungue na kichwa kitulie, huwa namuuliza swali moja tu: hicho kinachokuchosha unaweza kukiacha ukaondoka, au huwezi? Manake jibu la hilo swali ndo litakaloamua ufate njia gani kati ya hizi mbili ntakazoziweka hapa bega kwa bega. Ni njia za zamani kweli, zina miaka 2300 hivi, na mafundisho mengi ya utulivu tunayoyasikia saivi, ya kupunguza vitu, ya kutojali maneno ya watu, ya kukaa na simu kidogo, ukiyafatilia mpaka shinani unakuta yamechota kwenye moja wapo.

Ya kwanza ni ya Wastoiko, ya pili ni ya Waepikureo. Waliosoma Matendo ya Mitume sura ya 17 wameshakutana na haya majina, ndo watu waliojadiliana na Paulo alipofika Athens, ila wengi tunapita pale haraka tuwahi hotuba yenyewe.

Kwa mbali wanafanana mno na ndo maana watu wanawachanganya. Wote wanataka mtu asitawaliwe na hofu wala tamaa, wote wanasema huhitaji vingi ili uishi vizuri, wote wanasema ukitegemea sifa za watu umekwisha. Wanapoachana ni kwenye namna ya kufika huko, na hiyo tofauti unaiona hata kwenye mahali walipokuwa wanakaa.

Zeno, aliyeanzisha Wastoiko, alikuwa mfanyabiashara wa kisiwa cha Kupro. Inasimuliwa kwamba meli aliyokuwemo ilizama na mzigo wote, akajikuta Athens hana kitu, akaanza kufatana na wanafalsafa, na ilipofika kama mwaka 300 KK akawa na yeye anafundisha, tena anafundishia barazani, baraza ndefu ya nguzo yenye michoro ukutani, pembeni kabisa ya soko kuu la mji. Yaani anaefundisha na anaefundishwa wote wako kwenye kelele, hapa wachuuzi, pale watu wa kesi, pale wambea, na yeyote anaepita anaweza kusimama akasikiliza.

Epicurus yeye, aliyeanzisha Waepikureo, alizaliwa kisiwa cha Samos mwaka 341 KK, na alipokuja kukaa Athens, kama mwaka 306 KK, akanunua bustani nje kidogo ya ukuta wa mji akakaa humo na marafiki zake. Wanawake walikuwemo na watumwa walikuwemo, kitu ambacho enzi zile kilileta maneno mengi sana mjini. Walikula mkate, wakanywa maji, wakazungumza. Siasa alisema achana nayo, na ushauri wake maarufu ni kwamba ishi kimya usitafute kuonekana.

Kwaiyo una baraza sokoni na una bustani yenye ukuta. Wa barazani anakwambia kaa humohumo kwenye kelele ila badilisha unavyoipokea. Wa bustanini anakwambia hiyo kelele ya nini, toka. Nimejaribu kutafuta ushauri wao ambao haurudi kwenye hiyo tofauti moja na sijaupata.

Kwenye vitu na mali

Hapa Epicurus ana kitu ambacho mi naona kila mtu angefundishwa akiwa bado mdogo. Aliyagawa matamanio ya binadamu mafungu matatu. Kuna yale ya asili na ya lazima, usipoyatimiza unaumia: chakula, maji, mahali pa kulala, usalama, mtu wa kuongea nae. Kuna ya asili lakini si ya lazima, mfano chakula cha kifahari badala ya chakula tu, hayo yakija furahia yasipokuja usihangaike. Alafu kuna yale ambayo si ya asili wala si ya lazima: umaarufu, madaraka, kujengewa sanamu, kuwa juu ya wenzako. Ubaya wa fungu la tatu sio kwamba ni dhambi, ubaya wake ni kwamba halina mwisho. Njaa ukila inaisha. Kutaka kusifiwa hakuishi hata usifiwe vipi, ukipata laiki mia kesho unaanza kuhesabu kwanini leo zimekuja tisini.

Na angalia alivyokuwa anaishi mwenyewe. Watu walimzushia kwamba ni mlafi na mpenda anasa, mpaka leo lugha za Ulaya zinatumia jina lake kwa mtu anayependa misosi mizuri, kumbe aliwahi kumwandikia rafiki yake amtumie kijichungu cha jibini ili siku akitaka kujipa raha kubwa awe na cha kufanyia karamu. Jibini! Kwa mtu ambaye mkate na maji vinamtosha, kipande cha jibini ni sikukuu, na hapo ndo unaona hesabu yake ilivyo na akili, kwamba ukishusha unachohitaji raha zako zinaongezeka bila kuongeza matumizi.

Utafiti mmoja uliofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 1978 uliwahoji washindi 22 wa bahati nasibu kubwa ukawalinganisha na watu wa kawaida 22, na washindi hawakuonekana kuwa na furaha zaidi kwa kiasi cha maana, tena vile vitu vidogo vya kila siku kama kuongea na rafiki au kusikia kichekesho kizuri vilikuwa vinawapa raha kidogo kuliko wale wengine. Ni watu wachache, siwezi kujengea nyumba juu yake, ila umekaa palepale alipokaa Epicurus.

Wastoiko kwenye mali wanasema kitu tofauti kidogo. Kwao vitu si vizuri wala si vibaya, kizuri ni unavyovitumia na kibaya ni unavyovitumia, kwaiyo kuwa navyo ruksa ila usivishike kama vyako vya milele. Epictetus, ambae alizaliwa mtumwa karibu mwaka 50 BK na baadae akawa mmoja wa walimu wao wakubwa kabisa, alikuwa na taa ya chuma nyumbani, akasikia kishindo dirishani, kushuka kuangalia taa imeibiwa. Alichosema ni kwamba kesho ntanunua ya udongo. Hakusema dunia imeharibika, hakukaa wiki nzima anamtafuta mwizi, akaona tu kwamba mtu huibiwa alichonacho. Nalipenda hilo simulizi kwa sababu halimtaki awe hana taa, linamtaka asiwe mtumwa wa taa.

Shida inakuja kwa Seneca. Huyu nae ni Mstoiko mkubwa, mzaliwa wa Hispania, mwalimu na mshauri wa Kaisari Nero, na alikuwa tajiri wa kutisha, mmoja wa matajiri wakubwa wa Roma, huku anaandika uzuri wa kuishi na kidogo. Hata enzi zake watu walimsema. Waswahili tunasema aliyeshiba hamjui mwenye njaa, na mi naona lawama hiyo ina uzito, huwezi kuipuuza kwa kusema aah, moyoni alikuwa hajali mali zake. Ila zoezi alilolitoa lina faida sana: tenga siku chache kila baada ya muda, ule chakula cha hali ya chini kabisa, uvae nguo mbovu, alafu ujiulize, hiki ndo nilichokuwa nakiogopa? Anaeogopa kufukuzwa kazi afanye hilo zoezi. Hofu inapungua ukiona kumbe huku chini napo watu wanapumua.

Kwa swala la vitu basi, mi ushauri wangu ni mfate Epicurus. Mstoiko anakuruhusu kubaki na kila kitu ukisema moyoni sijafungamana nacho, na binadamu tunajidanganya kirahisi sana hapo. Epicurus anakulazimisha upunguze kwa mikono yako.

Kwenye watu na kelele zao

Hapa mambo yanageuka. Mstoiko anaamini umezaliwa ukiwa tayari una nafasi zako: mtoto wa fulani, mzazi wa fulani, jirani, raia, na kuishi vizuri ni kuzifanya hizo nafasi vizuri, hata kama wenzako hawafanyi zao. Baba mkali? Epictetus anakuuliza, kwani uliahidiwa baba mzuri? Uliahidiwa baba. Yeye ya kwake atajua, wewe fanya yako kama mtoto. Maneno magumu hayo, lakini ukikaa nayo unaona yanakutoa kwenye kusubiri mtu mwingine abadilike ndo uanze kuishi.

Alafu yupo Marcus Aurelius, mtawala wa dola nzima ya Roma kuanzia 161 mpaka alipokufa 180 BK. Huyu asingeweza kukaa bustanini hata angetaka. Alikuwa na maandishi aliyokuwa anajiandikia mwenyewe, na humo anajikumbusha asubuhi kwamba leo utakutana na msumbufu, asiye na shukrani, mjeuri, mwongo, mwenye wivu, alafu anajiambia hawa ni ndugu zangu, tumeumbwa kufanya kazi pamoja kama mikono miwili au miguu miwili, siwezi kuwachukia. Anayeandika hivyo ana uwezo wa kumwondoa duniani yeyote anayemuudhi. Kama unafanya kazi ya kuhudumia watu, mwalimu, muuguzi, wa kaunta, dereva, hilo zoezi la asubuhi nakuomba ulijaribu, linachukua muda mfupi kuliko kupiga mswaki, na linafanya kazi kwa sababu ule mshtuko wa "kwanini huyu yuko hivi" unakuwa umeshaumaliza kabla hujatoka kitandani.

Epicurus kwenye hili angekuuliza kwanza, hao watu ni lazima? Grupu la meseji lina watu mia mbili wanagombana kutwa, we upo humo kwa ajili ya nini? Mabishano ya siasa na watu usiowajua, yanakupa nini? Mstoiko angesema unaweza kubaki usiathirike, na ni kweli mtu aliyeiva anaweza, ila wengi wetu hatujaiva kiasi hicho, tunabaki tunaathirika alafu tunaita uvumilivu. Kelele ya namna hiyo toka tu. Lakini mzazi, mtoto, mwenza, mgonjwa unaemlea, mwenzako wa kazini mnaegawana meza, hao hawana kitufe cha kutokea, na hapo bustani haikusaidii.

Marafiki

Epicurus anashinda, na anashinda mbali. Kwake urafiki haukuwa pambo la maisha, ulikuwa ndo maisha. Athens ilipozingirwa na jeshi, karibu mwaka 294 KK, watu wakafa njaa mjini, Epicurus inasimuliwa kwamba aliwaweka hai watu wake kwa kuwagawia maharage, anahesabu punje moja moja kila mtu apate sawa. Na kwenye wasia wake aliacha maagizo watu wake waendelee kukutana kila mwezi tarehe 20, akawaachia huru baadhi ya watumwa wake, akaagiza watoto wa rafiki yake Metrodorus, aliyemtangulia kufa, watunzwe. Huwezi kusema huyu mtu alifundisha ubinafsi.

Wastoiko wanawapenda marafiki pia, Seneca ameandika vizuri sana juu ya urafiki, ila msimamo wao ni kwamba mwenye hekima anaweza kuwa sawa hata akiwa hana rafiki hata mmoja. Inawezekana ni kweli kwa mwenye hekima. Kwa sisi wengine, utafiti wa Harvard ulioanza mwaka 1938 na kuwafatilia watu mpaka uzeeni umekuwa ukirudia jambo moja, kwamba mahusiano mazuri na watu wa karibu ni kati ya vitu vinavyoonyesha nani atazeeka na afya na furaha. Ukiwa unapunguza vitu maishani, na kuna watu wakianza kupunguza hawajui kusimama, usipunguze marafiki wa kweli, chonde. Punguza makabati kwanza.

Siku mbaya ikija

Hapa Mstoiko anachukua nafasi yake na mi simwondoi. Epictetus alikuwa mtumwa, alikuwa kilema, na alipoachiwa huru akafukuzwa Roma pamoja na wanafalsafa wengine chini ya Kaisari Domitian, akaenda kuanza upya Nicopolis huko Ugiriki. Mtu wa namna hii akikwambia kwamba kuna vilivyo mikononi mwako na kuna visivyokuwa mikononi mwako, na kwamba mwili, mali, jina na cheo haviko mikononi mwako ila maamuzi yako, unachokitaka na unachokikataa ndo vyako, hakwambii kwa kubahatisha. Hakuandika kitu yeye mwenyewe, mwanafunzi wake Arrian ndo aliyeandika alichokisikia.

Na kimejaribiwa mahali pagumu. James Stockdale, rubani wa jeshi la majini la Marekani, ndege yake ilitunguliwa Vietnam mwezi wa 9 mwaka 1965 akakaa mfungwa zaidi ya miaka saba, akateswa, akawekwa peke yake muda mrefu, na baadae alieleza mara nyingi kwamba mafundisho ya Epictetus aliyoyasoma chuoni ndo yaliyomshikilia mle ndani. Hakuna bustani kwenye chumba cha mahabusu. Hata matabibu wa akili walichota hapo, Albert Ellis aliyeanza njia yake ya tiba katika miaka ya 1950 alikuwa anasema wazi kwamba msingi wake ni lile wazo la Epictetus kuwa kinachomvuruga mtu sio jambo lenyewe bali anavyolihukumu.

Watu wanakosea wakidhani Ustoiko ni kuwa jiwe. Seneca alimwambia rafiki yake aliyefiwa kwamba machozi yaruhusiwe yatoke. Marcus Aurelius alizaa watoto zaidi ya kumi na akawazika wengi wao, na ukisoma alichojiandikia unaona mtu anaeumia, anajisemesha ili asizame. Wanachokataa ni ile nyongeza, ile ya kukaa na "kwanini mimi" mpaka jeraha moja linakuwa matatu.

Epicurus nae kwenye maumivu alisema makali huwa mafupi na ya muda mrefu huwa yanavumilika. Hili mi silikubali, na yeyote aliyeuguza mgonjwa wa muda mrefu analijua halijakaa sawa. Lakini maisha yake mwenyewe yalisema vizuri kuliko hoja yake. Alikufa mwaka 270 KK kwa ugonjwa wa mawe, maumivu ya njia ya mkojo yasiyosemeka, na siku ya mwisho aliandika barua kwamba maumivu hayana pa kuzidia ila ameyapambanisha na furaha ya kuyakumbuka mazungumzo yao ya zamani, alafu akaomba wale watoto wa Metrodorus waangaliwe. Kumbukumbu za marafiki ndo ilikuwa dawa yake. Kwaiyo hata yeye alipofika mahali pasipo na pa kutokea alitumia kichwa chake tu, kama Mstoiko, sema alikuwa ameshajaza humo ndani vitu vizuri kwa miaka mingi.

Imani

Hili nalitaja kwa sababu linaamua kwa watu wengi. Epicurus alifundisha kwamba miungu haijishughulishi na binadamu na kwamba roho inakufa na mwili, ndo maana akasema kifo si kitu kwetu, tukiwepo hakipo na kikiwepo hatupo. Mwenye dini hatakubaliana nae hapo, ila anaweza kuchukua yale mafungu matatu ya matamanio akayatumia bila kugusa hayo mengine, hayategemeani kihivyo. Wastoiko waliamini ulimwengu unaongozwa kwa akili na mpango, kwaiyo mwenye imani anawasoma kwa raha zaidi. Asiye na dini atajisikia nyumbani zaidi bustanini.

Kila moja inavyoweza kukuumiza

Ustoiko ukitumika vibaya unamfanya mtu abaki mahali alipotakiwa kuondoka. Hili naomba lisomwe taratibu. Mtu anapigwa nyumbani, au anafanyishwa kazi bila malipo, au ananyanyaswa na bosi, alafu anaambiwa jambo sio tatizo, tatizo ni unavyolichukulia, mvumilivu hula mbivu. Hapana. Kuondoka au kusema hapana ni maamuzi, na maamuzi ndo kitu hasa Epictetus alisema kiko mikononi mwako. Yeyote anaekuhubiria Ustoiko ili uendelee kuumia kwa faida yake hakufundishi falsafa.

Uepikureo ukitumika vibaya unakuwa kukimbia. Kila kitu kikiwa kigumu kidogo mtu anasema kinaniharibia amani yangu, anawaacha wazee, anaacha majukumu, hapigi hata kura, alafu anaita kujilinda. Bustani ya Epicurus ilikuwa salama kwa sababu kuna watu wengine walikuwa wanaulinda mji na kuamua kesi zake, na hilo ni deni ambalo sijaona akilijibu vizuri. Ila wapo waliolijibu kwa vitendo. Katika karne ya 2 BK Mwepikureo mmoja aitwae Diogenes, wa mji wa Oenoanda ulioko kusini magharibi mwa Uturuki ya leo, alijenga ukuta mkubwa hadharani akachonga juu yake mafundisho ya Epicurus, maelfu ya maneno, ili yeyote anaepita, hata mgeni, apate dawa. Vipande vya ukuta huo bado vinachimbuliwa. Huyo alitoka bustanini akaja barazani.

Na upande wa pili nao haukuwa na uadui. Seneca anamnukuu Epicurus tena na tena kwenye barua zake, na Marcus Aurelius, Mstoiko kabisa, mwaka 176 BK alipoweka mishahara ya walimu wa falsafa huko Athens aliwawekea na Waepikureo.

Kuna njia ya tatu watu huniuliza, ya yule Diogenes mwingine, wa Sinope, aliyelala kwenye mtungi mkubwa na kutupa kikombe chake alipoona mtoto anakunywa maji kwa viganja. Ni simulizi la kukuamsha, halifai kuwa ratiba ya maisha ya mtu anaelea watoto. Tumwache hapo.

Sasa we uchague ipi

Kama kinachokuchosha umekitafuta mwenyewe, yaani madeni ya kununua vitu vya kuonekana, kazi ya pili unayoifanya ili uwe sawa na fulani, simu, kualikwa kila mahali, mabishano, basi nenda bustanini. Chukua karatasi andika unachokitaka mwaka huu chote, gawa kwenye yale mafungu matatu, na yale ya fungu la tatu jiulize ukiyapata utaacha kuyataka? Futa. Alafu hao watu watatu wanne wa kweli ulionao wape muda uliookoa, manake Epicurus bila marafiki ni nusu yake tu.

Kama kinachokuchosha hukukitafuta na hakiondoki, ugonjwa, msiba, mzazi anayesahau jina lako, mtoto mwenye mahitaji maalumu, kifungo, kazi usiyoweza kuiacha mwaka huu kwa sababu kuna watu wanakula kupitia wewe, basi kaa barazani. Asubuhi jiandae na watu na mambo utakayokutana nayo, mchana kila likitokea jambo uliza hili liko mikononi mwangu au haliko, usiku ipitie siku yako kama alivyokuwa anafanya Seneca taa ikishazimwa, nini nimekosea, nini nimefanya vizuri, kesho nifanyeje, bila kujitukana.

Na wengi, nadhani wengi kabisa, mna yote mawili kwa pamoja, mnalea mgonjwa na bado mnakimbizana na sifa. Hapo mi nasema anza na bustani. Toa kwanza kile kinachoweza kutolewa, hata kama kinachukua miezi, na usitumie nguvu za Mstoiko kubeba mzigo uliokuwa na uwezo wa kuutua. Watu wengi wanaoniambia Ustoiko umewashinda nikiwauliza wanabeba nini nakuta zaidi ya nusu ni vitu vya fungu la tatu. Wakishavitua vile, kinachobaki ni kile ambacho kweli hakina pa kutokea, na kwa hicho kimoja au viwili Epictetus anatosha.